Nani alirudi na Vietnam kichwani? Rangi, jinsia na kiwewe cha vita

Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliagiza utafiti wa kitaifa kuhusu hali ya akili ya watu waliotumikia jeshi katika vita vya Vietnam. Vita vilikuwa vimekwisha miaka minane nyuma, lakini ubishi ulikuwa bado mbichi. Wapo waliosema wanaolalamika ni wachache, tena walikuwa na matatizo yao tangu makwao. Wengine walidai kizazi kizima kimeharibika. Ripoti kamili ilichapishwa 1990, na ndani yake mlikuwa na hesabu ambazo mpaka leo zinanukuliwa, mara nyingi vibaya.

Hesabu zenyewe ni hizi. Kati ya wanaume waliofika Vietnam, asilimia 15.2 walikuwa wanaugua kiwewe cha vita, ule ugonjwa unaofupishwa PTSD, zaidi ya miaka kumi baada ya kurudi. Ukiwagawa kwa asili zao, wazungu walikuwa asilimia 13.7, weusi 20.6, na Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 27.9. Wanawake, ambao wengi wao walikuwa wauguzi, walikuwa kama asilimia 8.

Ukizisoma harakaharaka utatoka na maneno ya kijiweni: Walatino ni wepesi kuvunjika, wazungu wana roho ngumu, na wanawake, ajabu, ndio wagumu kuliko wote. Hakuna kipande cha maneno hayo kinachosimama. Ukiwakuta watu wawili barazani, mmoja amelowa chapachapa na mwingine mkavu, huanzi kukagua ngozi zao. Unauliza nani alitoka kwenye mvua. Hesabu za 1990 zilikuwa, kwa sehemu kubwa, hesabu za nani alipelekwa wapi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia madaktari wa Uingereza waliwaona askari wanaotetemeka, waliopoteza sauti au kumbukumbu, wakadhani ni mshindo wa mabomu uliotikisa ubongo. Kila vita vilivyofuata vilileta jina lake. Jina la PTSD liliingia katika mwongozo rasmi wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980 tu, na liliingia kwa sababu maveterani wa Vietnam walisukuma, wakiwa na madaktari wachache waliokubali kuwasikiliza. Dalili zake ni tukio linalorudi bila kuitwa, usingizini au mchana kweupe. Kukwepa kila kinachokumbusha. Moyo kufa ganzi hata mbele ya mke na watoto. Na mwili unaokaa chonjo muda wote. Mtu anachagua kiti cha ukutani hotelini ili aone mlango. Fataki za sikukuu zinamlaza chini kabla hajajua amelala.

Watafiti walichukua majina kutoka kumbukumbu za jeshi, wakawafuata watu makwao na kuketi nao kwa saa kadhaa. Walihoji zaidi ya watu 3,000: waliofika Vietnam, waliokuwa jeshini wakati huo lakini hawakupelekwa, na raia wa kawaida. Ulinganisho huo wa makundi matatu ndio ulioipa kazi hiyo uzito. Wanajeshi wa kiume waliobaki kwingine walikuwa na PTSD kwa asilimia 2.5, na raia wa kiume 1.2. Basi hoja ya kwamba wangeugua tu hata bila vita ikaanguka.

Kisha wakapima kila mmoja alikutana na nini: alipigwa risasi, aliua, alibeba maiti, aliona mateso, alikosa chakula na maji porini. Wanaume waliokumbana na mazito zaidi walikuwa na PTSD kwa asilimia 35.8. Waliokumbana na kiasi au kidogo, 8.5. Hakuna tofauti ya rangi katika ripoti ile iliyofikia pengo hilo.

Rangi na foleni ya kwenda mbele

Sasa tazama nani alisukumwa kwenye hayo mazito. Kijana aliyekuwa chuo kikuu aliweza kuahirisha wito wa jeshi. Aliyemaliza shule ya mtaani kwao akaingia kazini moja kwa moja hakuwa na kinga hiyo. Mwaka 1966 waziri wa ulinzi Robert McNamara alianzisha mpango wa kuwachukua vijana ambao awali walikuwa wakikataliwa kwa alama ndogo za mtihani wa jeshi. Zaidi ya vijana 300,000 waliingia kwa mlango huo, karibu asilimia 40 wakiwa weusi, katika nchi ambamo weusi walikuwa kama asilimia 11 ya watu. Serikali iliutangaza kama nafasi ya kuwainua maskini. Wengi waliinuliwa hadi kikosi cha askari wa miguu.

Katika miaka ya mwanzo, weusi walikuwa takribani moja ya tano ya Wamarekani waliouawa vitani. Kelele zilipigwa, jeshi likarekebisha upangaji, na kufikia mwisho wa vita sehemu yao ilishuka hadi karibu asilimia 12. Lakini waliokuwa mstari wa mbele mwaka 1965 na 1966 walikwisha kuwa huko.

Watafiti walipowalinganisha weusi na wazungu waliokutana na mambo ya uzito uleule, pengo la PTSD kati yao liliyeyuka. Uchambuzi mwingine wa takwimu hizohizo, uliochapishwa 2008, ulifikia palepale: kilichowazidishia weusi ugonjwa ni kukutana na vita zaidi.

Hata hivyo naona kuna kitu hesabu hiyo inakiacha nje. Orodha ya mazito iliuliza kuhusu adui. Haikuwa na nafasi ya kutosha kwa yaliyotoka upande wako. Martin Luther King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968, askari weusi walikuwa Vietnam, na kwenye baadhi ya kambi wazungu walipandisha bendera za majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa. Mwezi Agosti mwaka huo wafungwa, wengi wao weusi, waliasi katika gereza la jeshi la Long Binh. Mtu anaweza kulala macho wazi kwa sababu ya Vietkong, wapiganaji wa upande wa adui, na pia kwa sababu ya aliyelala kitanda cha jirani. Ni usiku mmoja, lakini dodoso linahesabu nusu yake.

Walatino ni fumbo gumu zaidi, na hapa ndipo wengi wanaopenda maelezo ya mstari mmoja hukwama. Kupeleka watu mbele kulieleza sehemu tu ya tofauti yao. Baada ya hesabu ya 1990 kurekebishwa bado kulibaki pengo. Mwaka 2000 utafiti mmoja uliwatenganisha kwa walikotoka ukakuta dalili zimezidi kwa Wapuerto Riko hasa, lakini bila uwezo wao wa kufanya kazi na kuishi na watu kuwa umedhoofika kwa kiwango hichohicho. Basi wengine wakasema: hawa wanaeleza maumivu kwa wazi zaidi, utamaduni wao hauwafundishi kumeza. Maelezo hayo yana ukweli fulani, lakini yana hatari pia, kwa sababu kutoka "wanaeleza zaidi" hadi "wanatia chumvi" ni hatua moja. Uchambuzi wa 2008 ulileta jibu la kawaida zaidi: Walatino walioenda Vietnam walikuwa na umri mdogo zaidi, elimu ndogo zaidi, na alama za chini kwenye mtihani wa kuingilia jeshini. Ukiyaweka hayo pamoja na walichokutana nacho, sehemu kubwa ya tofauti inaeleweka. Mimi naegemea huko. Mvulana wa miaka 18 aliyetoka darasani mapema, akatupwa msituni, hahitaji nadharia ya damu ya Kilatino ili kuugua.

Inafaa pia kusema kwamba hesabu za 1990 zenyewe zilipingwa. Wapo walioamini maveterani walitunga visa ili wapate fidia. Mwaka 2006 kundi la watafiti likazirudia, safari hii likioanisha masimulizi na kumbukumbu za kijeshi na kubana vigezo vya ugonjwa. Kiwango cha waliokuwa wanaugua kikashuka hadi asilimia 9.1. Magazeti yakaandika kwamba PTSD ilikuzwa. Walichokitaja wachache ni kwamba utafiti huohuo haukukuta uongo wa maana, na uhusiano kati ya uzito wa vita na ugonjwa ulibaki na nguvu kamili.

Alichoacha Seneta Matsunaga

Utafiti wa kwanza ulikuwa na tundu kubwa: haukuwa na watu wa kutosha wa makundi madogo zaidi. Spark Matsunaga, seneta wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani aliyejeruhiwa Italia katika Vita vya Pili vya Dunia, alilishikilia jambo hilo. Alifariki 1990, na mwaka huohuo Bunge likaagiza utafiti uliokuja kubeba jina lake. Uliwatazama wenyeji asilia wa Marekani wa tambarare za kaskazini na wa kusini-magharibi, wenyeji asilia wa Hawaii, na Wamarekani wa Hawaii wenye asili ya Kijapani.

Matokeo yake yanastahili kusomwa polepole. Kati ya wenyeji wa tambarare za kaskazini, asilimia 57 walikuwa wameugua PTSD wakati fulani maishani. Kusini-magharibi, 45. Wenyeji wa Hawaii, 38. Wenye asili ya Kijapani, 9.

Yaani kati ya watu ambao wote ni "wachache", mmoja anazidi mwingine mara sita. Wazo kwamba kuwa wa kundi la wachache kunatosha kukuvunja lilifia hapo. Wajapani wa Hawaii walikuwa chini hata ya wazungu. Pengine walikuwepo walioficha kwa kuona aibu. Lakini kuficha hakuwezi kubeba pengo lote hilo.

Kwa wenyeji asilia, jibu lilirudi kulekule: walikutana na vita vizito zaidi, na ukiondoa tofauti hiyo, asili yenyewe haikutabiri ugonjwa. Namna walivyofika kwenye uzito huo ndiyo inayouma. Maofisa wengi waliamini kwamba mtu wa makabila hayo huzaliwa na macho ya kuona nyayo na masikio ya kusikia majani. Kwa hiyo kikosi kilipopita msituni, yeye ndiye aliyewekwa wa kwanza, hatua kadhaa mbele ya wenzake, akitafuta kwa macho uzi wa bomu uliotegwa kwenye nyasi. Kijana aliyekulia mjini, ambaye hajawahi kuwinda hata sungura, alitangulizwa kwa sababu ya jina lake la ukoo. Na redioni alisikia wenzake wakiliita eneo la adui "nchi ya Wahindi", jina ambalo Wamarekani waliwapa wenyeji asilia, wakimaanisha watu kama babu yake.

Wenye asili ya Asia walikuwa na lao. Walishaeleza jinsi mwalimu wa mafunzo alivyowaita mbele ya kundi zima na kusema, mwangalieni huyu, adui anafanana hivi. Huko Vietnam waliogopa kupigwa na wenzao gizani, na wapo waliosimulia kwamba walipojeruhiwa waliachwa wasubiri kwa sababu wahudumu walidhani ni Wavietnam. Watafiti walitengeneza kipimo maalumu cha mambo hayo, na mwaka 2001 wakaonyesha kwamba ubaguzi wa aina hiyo uliongeza dalili za PTSD juu ya zile zilizotokana na mapigano. Ile nusu ya usiku niliyoitaja hapo juu hatimaye ilihesabiwa, ingawa kwa kundi moja tu.

Baada ya vita kuna swali la nani anakupokea. Nchi ya Wanavaho, wenyeji asilia wa kusini-magharibi, ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na hospitali ya maveterani inaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa kwa gari, kama gari lipo. Lakini Wanavaho wanayo pia tambiko yao ya siku kadhaa ya kumsafisha aliyegusana na adui na maiti, pamoja na nyimbo na ndugu waliokusanyika. Huko hakuna anayekuuliza kama unastahili fidia. Sidai kwamba tambiko linatibu PTSD; takwimu za kusini-magharibi zilikuwa za juu vilevile. Ila mzungu wa Ohio alitua uwanja wa ndege, akavua sare chooni, na kesho yake akawa anauza vipuri. Idara ya maveterani yenyewe ilikuja kuruhusu shughuli za jadi za wenyeji katika baadhi ya vituo vyake.

Wanawake: asilimia 8 inayopotosha

Tuje kwa wale "wagumu kuliko wote". Utafiti ulikadiria kuwa wanawake wanajeshi waliofika Vietnam walikuwa kama 7,200, dhidi ya wanaume zaidi ya milioni 3. Wengi walikuwa na shahada au stashahada ya uuguzi, walikuwa maofisa, na umri wao ulizidi kidogo wa vijana wa msituni. Hayo yote yanapunguza hatari ya kuugua. Lakini ukiwatenga wanawake waliokutana na mazito zaidi, kiwango chao kilipanda kutoka asilimia 2.5 ya wanawake wenzao waliokutana na mambo mepesi zaidi hadi 17.5. Mteremko uleule, mlima uleule. Na ukiuliza nani aliwahi kuugua wakati wowote, wanaume walikuwa asilimia 30.9 na wanawake 26.9. Hilo ni pengo dogo sana kwa watu ambao, kwa mujibu wa jeshi, hawakupigana.

Muuguzi alikutana na nini? Helikopta zilitua na majeruhi kwa mkupuo. Mtu mmoja, wakati mwingine msichana wa miaka 22 aliyemaliza chuo mwaka uliopita, alipita kati ya machela akiamua: huyu chumba cha upasuaji sasa hivi, huyu anaweza kungoja, huyu hatapona. Wa kundi la tatu walisogezwa pembeni, nyuma ya pazia, wapewe dawa ya maumivu. Baadhi walikuwa na fahamu. Walimwita mama, na muuguzi aliitikia. Zamu ilikuwa saa 12, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mzima. Kipimo kinachouliza "ulifyatua bunduki mara ngapi?" kitampa mtu huyu sifuri, na vipimo vya mwanzo vya uzoefu wa vita viliuliza hivyohivyo.

Wala hawakuwa salama. Luteni Sharon Lane aliuawa kwa roketi ndani ya hospitali ya Chu Lai tarehe 8 Juni 1969. Jina lake ni moja kati ya majina 8 ya wanawake kwenye ukuta wa kumbukumbu Washington. Sanamu ya kuwaenzi wanawake ilisimamishwa pale Novemba 1993 tu, baada ya muuguzi wa zamani, Diane Carlson Evans, kupambana karibu miaka kumi na kamati zilizosema sanamu ya askari watatu wa kiume iliyokuwapo pale inatosha. Hili si suala la sanamu tu. Mwanamke ambaye hata majirani hawakujua kwamba alikuwa vitani hakuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini halali, na baadhi walipofika kutafuta msaada walidhaniwa ni wake za maveterani.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2015 uliwatazama wanawake wa kizazi hicho wakiwa wazee. Kati ya waliofika Vietnam, asilimia 20.1 walikuwa wamewahi kuugua PTSD, na wenzao waliotumikia ndani ya Marekani 14.1. Kilichoeleza tofauti hiyo ni mambo ya eneo la vita, na miongoni mwake yalikuwamo manyanyaso ya kijinsia na shinikizo la kazi lililopita uwezo wa binadamu.

Manyanyaso hayo ndiyo yanayotenganisha vita vya mwanamke na vya mwanaume hata katika zama za Iraq na Afghanistan. Hospitali za maveterani Marekani humuuliza kila anayefika kama alishambuliwa au kusumbuliwa kingono akiwa jeshini. Mwanamke mmoja kati ya watatu hujibu ndiyo. Kwa wanaume ni mmoja kati ya 50, na kwa kuwa wanaume ni wengi mno, idadi yao halisi si ndogo hata kidogo, ila wao husema kwa shida zaidi. Tafiti zilizolinganisha wanaume na wanawake waliorudi kutoka nchi hizo mbili, mwaka mmoja baadaye, zilikuta kwamba mapigano yaleyale huwaumiza karibu sawa. Hofu ya kizamani kwamba mwanamke atasambaratika mbele haikupata ushahidi. Aliyelala na ufunguo mkononi kambini kwake mwenyewe alikuwa akiogopa mtu mwenye sare kama yake.

Kisanduku kimoja cha "mweusi"

Jambo hili linatugusa kuliko wengi wanavyodhani. Vijana wa Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi waliohamia Marekani wamo katika jeshi hilo, baadhi wakifuata njia ya mkato ya uraia. Mpango mmoja ulioanza 2009 uliwaalika wageni wenye lugha zinazohitajika jeshini, Kiswahili kikiwemo.

Kwenye fomu za utafiti, kijana aliyezaliwa Kisumu au Goma anatiwa tiki kisanduku kilekile na aliyezaliwa Alabama. Huyu wa Goma huenda alisikia milio ya risasi akiwa na miaka sita, na vita vya Marekani ni vya pili kwake. Huyu wa Kisumu hana historia hiyo, lakini ana shangazi watano wanaongoja fedha kila mwezi na wazazi waliokwisha kutangaza kanisani kwamba mtoto ni mwanajeshi wa Marekani. Atawaambia nini kuhusu ndoto za usiku? Nyumbani ataambiwa aombe, au atasemwa amerogwa, na kazini anaogopa kwamba akitamka neno "akili" faili lake litachafuka. Hakuna jedwali la 1990 wala la 2015 linalomwona.

Maveterani wa Vietnam walipofuatwa tena mwaka 2012 na 2013, miaka 40 baada ya vita, ilikadiriwa kuwa watu 271,000 bado walikuwa wanaugua. Katika miaka 25 tangu mahojiano ya kwanza, waliozidiwa kwa kiasi kikubwa walikuwa karibu mara mbili ya waliopata nafuu kubwa. Kustaafu, kufiwa na mke, mwili kuchoka: kazi iliyokuwa inaziba kelele ilipokoma, kelele zilisikika. Miongoni mwa waliokuwa na hali mbaya zaidi walikuwamo waliopokewa vibaya waliporudi na waliokosa watu wa kuwashika mkono.

Kwa ndugu aliyeko huko, vituo vya ushauri vya maveterani vilivyoanza 1979 baada ya Vietnam bado vipo mitaani, nje ya hospitali. Huduma ni bure, hazihitaji uwe umeshapimwa na daktari, na hupokea pia mke, mume na watoto wa aliyekuwa vitani. Usiku wa manane, namba ya simu ya msaada ni 988, kisha unabonyeza 1.